Taa, giza na choroko: historia fupi ya machipukizi, na kwa nini usikimbilie kuyawashia balbu

Leo tuweke kando kidogo mbolea na viuatilifu, tuzungumzie jambo ambalo limeanza kuwagharimu fedha baadhi yetu. Ni mwanga wa taa kwenye machipukizi. Nikisema machipukizi nina maana ya choroko, kunde au nafaka tunazoziotesha kwa ajili ya kula, siyo miche ya kwenda kupanda shambani.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Mama mmoja hapa Buhemba alianza kuotesha choroko kwenye mabeseni na kumuuzia mpishi wa hoteli moja mjini Musoma. Biashara ilianza vizuri. Siku moja akaona kwenye simu picha ya mboga zimepangwa kwenye rafu, juu yake taa za rangi ya zambarau. Akaja kuniuliza, "Bwana shamba, na mimi nikiweka taa si zitakua haraka?" Nikamjibu bila kufikiri sana, kama nilivyofundishwa darasani, kwamba mmea hauishi bila mwanga. Akanunua balbu mbili, akaziwasha usiku na mchana juu ya mabeseni yake.

Siku ya tano choroko zilikuwa fupi, zimeanza kufungua vijani vya kijani, na ukizitafuna zina uchungu kidogo. Mpishi alizoea nyeupe, ndefu na zinazovunjika kwa mlio mdomoni. Akazikataa zote. Mama akapoteza choroko, akapoteza umeme wa LUKU, na nusura ampoteze mteja. Ushauri ulikuwa wangu, hasara ikawa yake.

Nilirudi kwenye madaftari yangu ya stashahada, nikasoma na mengine. Nikakuta kwamba swali la mama yule limeulizwa kwa zaidi ya miaka 250, na majibu yake yamepatikana kidogo kidogo. Ukiifahamu historia hiyo utajua wakati gani taa inakusaidia na wakati gani inakula faida yako.

Wazee wetu walitumia giza

Kabla ya kwenda mbali tuanzie nyumbani. Hapa Mara ulezi na mtama vimeoteshwa tangu zamani kupata kimea cha togwa na pombe. Uliza bibi yeyote atakueleza hatua zake. Nafaka inalowekwa usiku kucha, inachujwa maji, inawekwa kwenye kapu au gunia, inafunikwa vizuri na kuachwa mahali pa joto siku mbili au tatu. Ikishatoa mizizi na vichipukizi vifupi, inaanikwa juani hadi ikauke, kisha inasagwa.

Angalia mahali jua linapoingia katika kazi hiyo. Linaingia mwishoni, kwa ajili ya kukausha. Wakati wa kuotesha, kapu limefunikwa. Kufunika kunatunza unyevu na joto, lakini pia kunaleta giza. Bibi hakuwa na jina la kitaalamu la jambo hilo, ila alijua kwamba kimea kilichoachwa wazi kikaota majani ya kijani hakifai.

1754: Kwa nini mche wa gizani unarefuka?

Mmoja wa watu wa kwanza kulichunguza jambo hili kwa makini na kuliandika ni Charles Bonnet wa Geneva, Uswisi. Katika kitabu chake cha mwaka 1754 kuhusu majani ya mimea alieleza mimea aliyoikuza gizani. Ilikuwa mirefu, myembamba na iliyopauka.

Sababu yake tunaijua vizuri leo. Mbegu ya choroko imebeba akiba yake ya chakula ndani ya zile pande mbili. Kwa siku chache za kwanza haihitaji jua ili ikue. Inatumia akiba hiyo pamoja na maji unayoipa. Ikiwa gizani inajiona bado iko chini ya udongo, hivyo inaelekeza nguvu zote kwenye kurefusha shina ili itoke nje. Ni kama mchimbaji aliye ndani ya duara: hana haja ya kujenga nyumba kule chini, haja yake ni kupanda juu. Haifungui majani wala haitengenezi ile rangi ya kijani iitwayo klorofili.

Ikipata mwanga inajua imefika juu. Hapo inapunguza kurefuka, shina linakuwa gumu, majani yanafunguka na ukijani unaanza. Kwa mche wa shambani hiyo ni habari njema. Kwa choroko ya kuuza sokoni ikiwa nyeupe na laini, ni hasara.

1880: Taa ya umeme inajaribiwa kwenye maharage

Zaidi ya miaka 100 baada ya Bonnet, taa za umeme zilianza kutumika Ulaya. Mhandisi William Siemens, mzaliwa wa Ujerumani aliyeishi Uingereza, alitaka kujua kama taa hiyo inaweza kufanya kazi ya jua. Mwaka 1880 aliwasilisha matokeo yake mbele ya wanasayansi wa Royal Society jijini London.

Alipanda kwenye vyungu mimea inayoota haraka kama haradali, karoti, matango na maharage, akaigawa katika makundi manne. La kwanza alilikalisha gizani. La pili alilipa mwanga wa taa peke yake, saa 6 kila usiku. La tatu alilipa mwanga wa mchana peke yake. La nne lilipata mwanga wa mchana na wa taa usiku.

Ya gizani ilipauka ikawa ya njano na mwisho ikafa. Ya taa peke yake ilipata ukijani hafifu. Ya mchana ilikuwa ya kijani zaidi. Iliyopata mchana na taa ilizishinda zote.

Ukisoma hapo tu utasema mama yule alikuwa sahihi kununua balbu. Lakini tazama Siemens alikuwa anatafuta nini. Alitaka mmea uishi, ukue na uzae. Mmea wa namna hiyo ukimaliza akiba ya mbegu lazima ujitengenezee chakula chake kwa mwanga. Choroko ya kuliwa tunaivuna siku ya nne au ya tano, akiba yake ikiwa bado haijaisha. Kosa langu lilikuwa hapo. Niliulizwa swali la machipukizi, nikatoa jibu la mmea wa shambani.

Zile taa za zambarau za kwenye simu nazo ni za mboga za majani kama saladi, zinazokaa wiki kadhaa ndani ya nyumba zisizopata jua. Hazikuwekwa kwa ajili ya choroko za siku tano.

1901: Taa iliyoharibu njegere bila hata kuzimulika

Kisa hiki wafanyabiashara wa ndizi watakielewa haraka. Wakati huo miji mingi ya Ulaya iliwasha taa za gesi iliyopitishwa kwenye mabomba. Huko St. Petersburg, Urusi, mwanafunzi wa sayansi Dmitry Neljubow aliotesha njegere kwenye chumba cha giza. Zikawa fupi, nene, na zinalala upande badala ya kusimama. Alipoziotesha kwenye hewa safi ya nje, zilisimama wima.

Alifuatilia hadi akabaini kwamba kulikuwa na gesi ya taa ndani ya hewa ya maabara, na mwaka 1901 akaonyesha kwamba kiini cha tatizo ni ethilini. Ndiyo gesi ileile inayoivisha ndizi unapozifukia shimoni na kuzipulizia moshi.

Kwetu kuna mafunzo mawili. Kwanza, usioteshe machipukizi kwenye chumba chenye moshi wa kibatari au jiko, wala karibu na ndizi zinazoiva. Pili, mmea wenyewe hutoa ethilini kidogo unapobanwa. Ndiyo maana waoteshaji wazoefu huweka uzito mwepesi juu ya choroko, ili mashina yawe manene badala ya kuwa kama nyuzi. Sahani safi inatosha.

1918: Faida ya kuotesha haikutoka kwenye taa

Labda utauliza, kama machipukizi ya gizani yamepauka, je, yana lishe? Swali hili lilijibiwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Askari waliokula nafaka na nyama za kopo bila matunda wala mboga waliugua kiseyeye, ule ugonjwa wa fizi kuvimba na kutoa damu unaoletwa na upungufu wa vitamini C.

Mwaka 1918 daktari Mwingereza aitwaye Wiltshire alichapisha matokeo ya kuwatibu askari wa Serbia. Baadhi yao aliwapa juisi ya limau, wengine maharage yaliyooteshwa. Waliokula maharage walipona vizuri, hawakuachwa nyuma na wenzao wa limau.

Choroko kavu ina vitamini C kidogo mno. Ukiiotesha vitamini hiyo inatengenezwa, hata gizani. Choroko mbichi zilizochipua huwa na takribani miligramu 13 katika kila gramu 100. Ni kweli mwanga huweza kuongeza vitamini C, na unaleta ukijani na virutubisho vinavyoambatana nao. Ila kazi kubwa inafanywa na maji na muda, siyo na balbu.

Miaka ya 1950: Dakika chache tu za mwanga

Swali lililobaki lilikuwa hili: mche unajuaje kwamba kuna mwanga? Watafiti wa kituo cha kilimo cha Beltsville, Marekani, wakiongozwa na Harry Borthwick na Sterling Hendricks, waligundua mwaka 1952 kwamba mbegu za saladi zikimulikwa mwanga mwekundu kwa muda mfupi zinaota, na zikimulikwa wekundu ule wa mbali ambao jicho letu halioni vizuri, zinaacha kuota. Mwaka 1959 kituo hichohicho kikakipata kitu chenyewe ndani ya mmea, kikaitwa fitokromu.

Unaweza kukifikiria kama swichi. Haihitaji mwanga mwingi. Mche wa gizani ukimulikwa dakika chache tu unaanza kubadilika. Kwa hiyo usifikiri kwamba kuwasha taa saa mbili tu usiku hakuna madhara. Balbu nyingi tunazonunua sasa ni za LED. Ili zitoe mwanga mweupe, ndani yake kuna chanzo cha mwanga wa bluu. Ugunduzi wa chanzo hicho uliwapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Na bluu ni miongoni mwa rangi zinazozuia sana shina kurefuka. Balbu ya mama yule ilikuwa inaziambia choroko zake, "Mmeshafika juu, simameni hapo."

Hapa Tanzania: kimea kinaingia kwenye uji wa mtoto

Nchi yetu nayo ina sehemu yake katika historia hii. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973. Tatizo moja lililoikabili ni uji wa watoto. Uji mwepesi unanyweka lakini hauna nguvu, na uji mzito una nguvu lakini mtoto hawezi kuumaliza. Mwaka 1983 Mosha na Svanberg walichapisha utafiti uliotumia kitu ambacho bibi zetu walikuwa nacho tayari, yaani unga wa kimea. Ukiweka kiasi kidogo, kama sehemu 5 kati ya 100 za unga, kwenye uji mzito wa moto, uji unalainika bila kuongeza maji. Mtoto anakunywa uji uleule mwepesi lakini wenye chakula kingi zaidi. Baadaye walifuatilia jambo hili kijijini, huko Luganga.

Kazi hiyo yote inategemea nafaka iliyooteshwa kwa siku chache ikiwa imefunikwa, kisha ikakaushwa. Ukiiacha kwenye mwanga ikaendelea kukua, inakula akiba yake yenyewe na unabaki na majani badala ya unga.

Umeme umefika, tuutumie kwa hesabu

Wakala wa Nishati Vijijini, REA, ulianza kazi mwaka 2007, na tangu hapo nguzo zimefika kwenye vijiji ambavyo sisi tulisomea kwa kibatari na chemli. Ni jambo jema, na ndiyo sababu swali la taa limekuja sasa. Tupige hesabu.

Balbu moja ya zamani ya wati 60 ikiwaka saa 24 kwa siku 5 inakula uniti 7.2. Mbili zinakula 14.4. Balbu ya LED ya wati 9 kwa muda huohuo inakula uniti 1.08. Zidisha kwa bei unayolipia LUKU, halafu jumlisha mizunguko ya mwezi mzima. Balbu ya zamani pia inatoa joto linalokausha choroko na kuzifanya zinuke mapema. Fedha hiyo ni bora ikanunue choroko safi na maji safi.

Sasa ufanye nini?

1. Anza na soko. Muulize mteja anataka choroko ndefu nyeupe au fupi za kijani. Za nyeupe ziweke gizani tangu mwanzo hadi kuvuna. Za kijani ziache gizani kwanza, halafu siku ya mwisho ziweke kwenye mwanga wa dirishani, si kwenye jua kali. Mwanga huo hauna LUKU.

2. Chambua choroko, osha, loweka usiku kucha. Mwaga maji, weka kwenye beseni lililotobolewa chini, funika kwa kitambaa safi kizito. Suuza kwa maji safi mara 3 au 4 kwa siku, ukihakikisha maji yanatoka yote. Fanya haraka, usiziache wazi. Ukisuuza vizuri, kilo 1 ya choroko kavu inaweza kukupa kilo 5 hadi 7, na uzito mwingi ni maji.

3. Usitumie mbegu za dukani zilizopakwa dawa, zile zenye rangi nyekundu, kijani au bluu. Hizo ni za kupanda tu. Kusuuza hakuondoi dawa yote.

4. Chagua maji kwa makini. Sisi wa Buhemba tunaishi jirani na uchimbaji wa dhahabu wa tangu enzi za wakoloni, na wachimbaji wadogo bado wanatumia zebaki. Usisuuze machipukizi kwa maji ya madimbwi ya karibu na makarasha wala yanayopita kwenye marudio. Maji unayomwagia ndiyo yatakayokuwa ndani ya choroko anayokula mtoto wa mwenzako.

5. Taa ya kawaida haiui vijidudu. Mwaka 2011 nchini Ujerumani machipukizi ya uwatu yaliyobeba bakteria yaliwaugua­za karibu watu 4,000, na zaidi ya 50 walifariki. Nchi ile haikukosa umeme wala majokofu. Nawa mikono, safisha mabeseni, na mshauri mteja azipike, hasa kwa watoto, wajawazito na wazee.

6. Maharage ya kawaida si choroko. Yana sumu ya asili isiyoisha kwa kuoteshwa. Yachemshe yatokote kwa nguvu angalau dakika 10, kisha uendelee hadi yaive. Usiyauze kama kitu cha kula kibichi.

7. Mtama ukiota, vichipukizi vyake vina sumu ya sianidi. Baada ya kukausha kimea, pekecha na upepete mizizi na vichipukizi vyote kabla ya kusaga. Kwa uji wa mtoto ulezi ni salama zaidi. Kimea chenye ukungu tupa, usikichanganye.

Jaribu mwenyewe

Usinikubalie kwa sababu mimi ni afisa ugani. Umeshaona kwamba afisa ugani naye hukosea. Chukua vikombe viwili vya choroko za mfuko mmoja, viloweke pamoja, weka kimoja gizani na kingine chini ya balbu. Suuza sawasawa. Siku ya nne pima uzito, pima urefu, onja, kisha andika. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mama yule nilimfidia choroko zake, tukafanya jaribio hili pamoja kwenye jikoni kwake. Sasa anafunika mabeseni kwa kitenge cheusi kilichokunjwa mara mbili, na balbu moja ameihamishia sebuleni, watoto wanaisomea. Mpishi wa Musoma alirudi baada ya wiki mbili. Anaagiza kidogo kuliko zamani, ila anaagiza.

Ukitaka kuanza, njoo ofisi ya kata siku za kazi asubuhi na choroko zako kiganjani, tuzitazame pamoja kabla hujanunua hata beseni. Kazi njema.